Usiku wa Ijumaa Kwenye Nyumba ya Hodi

Siku boti ya Nyamisati inayoleta mboga kutoka bara inapochelewa, soko la Kilindoni huwa na adabu za ajabu. Watu wanasalimiana kwa urefu, wanaulizana habari za nyumbani, na huku kila mmoja jicho lake liko kwenye fungu la karoti lililobaki. Asubuhi hiyo boti haikuwa imefika kabisa. Kwenye genge la Arafa kulikuwa na nyanya zilizokwisha kulegea, vitunguu, na fungu moja tu la giligilani. Swabaha alilishika upande wa majani. Mwanamume mmoja asiyemjua akalishika upande wa mizizi.

"Samahani, dada," mwanamume alisema, lakini hakuachia.

"Hamna neno, kaka," Swabaha alijibu, naye hakuachia.

Arafa aliwatazama wote wawili, akasema yeye anauza mboga, hauzi kesi, wamalizane wenyewe. Akaendelea kumenya vitunguu.

Mwanamume alikuwa mrefu na mwembamba, kavaa shati la kazi la buluu na viatu vizito vya fundi, vile vya kukanyagia vyuma. Sura yake haikuwa ya kisiwani. Swabaha siku hiyo alivaa baibui lililoachwa wazi mbele, dera la manjano likichungulia kila akigeuka, ushungi wa kijani, na hina iliyokwisha kufifia vidoleni. Alimuuliza yule bwana fungu zima la giligilani analipeleka wapi. Akajibiwa kwamba ni la kachumbari. Alipouliza kachumbari hiyo ya watu wangapi, yule bwana akasita, akakiri kwamba ni ya kwake peke yake, ndiyo kwanza amehamia na hana anayemjua.

Swabaha alicheka mpaka mkono ukalegea. Lakini mwanamume naye alikuwa ameachia wakati huohuo, na giligilani likaangukia kwenye kikapu cha Swabaha.

"Lichukue," alisema. "Ila niambie linakwenda wapi, nijue nimenyang'anywa na nani."

"Linakwenda Chole. Kuna wageni wanakula kwangu leo."

"Kumbe una hoteli."

"Nina gofu," Swabaha alisema. "Halina paa wala mlango. Ila wali wake ukiula utasahau kwenu."

"Ahsante," alisema yule bwana, yeye aliyetoa giligilani na kubaki mikono mitupu. Swabaha alikwenda zake akijiuliza mtu huyu anashukuru nini. Alijiuliza njia nzima mpaka Utende.

Chole ni kisiwa kidogo kilichotulia katikati ya ghuba, ng'ambo ya Utende. Ukipanda boti, hujamaliza kukunja suruali umeshafika. Zamani huko ndiko kulikokuwa mji, Kilindoni hata haijatajwa. Waarabu walijenga majumba, Wahindi wakafungua maduka, Wajerumani wakaja na gereza lao, kisha wote wakaondoka, na mikuyu ikaingia madirishani bila kumuuliza mtu. Wenyeji mpaka leo wanapaita Mjini, ingawa wakazi wake ni popo na kunguru.

Swabaha na binamu yake Umi walikuwa na kazi yao hapo Mjini. Alasiri Swabaha huwatembeza wageni kwenye magofu, na magharibi ikishaingia huwalisha ndani ya nyumba moja kuukuu iliyobaki kuta tu. Meza hutandikwa kanga. Kandili huwekwa kwenye vidaka vya ukutani, palepale walipokuwa wakiweka vyombo vyao watu wa zamani. Umi hupika, Swabaha hupika na kusema, na maneno ya Swabaha wageni waliyapenda karibu sawa na samaki wake.

Haikupita wiki, yule bwana wa giligilani akashuka gatini, shati limepigwa pasi mpaka mistari imesimama. Alisema anaitwa Kheri, kwao Turiani, na kazi yake ni kutengeneza minara ya simu. Alisema pia kwamba amekuja kuangalia giligilani lake linaishi vipi. Umi alimtazama mgeni, akamtazama binamu yake, akaingia jikoni akijifinya asicheke.

Swabaha alimtembeza. Alimwonyesha gereza ambalo mzizi mmoja umekumbatia dirisha na nondo zake. Alimwonyesha ukuta wa matumbawe, akamwambia auguse aone ulivyo na ubaridi hata wakati wa jua. Alimwonyesha mti wa popo, wamening'inia mchana kutwa wakigombania nafasi. Kheri aliuliza maswali machache na kusikiliza mengi, na kila alipoonyeshwa kitu alisema ahsante, kana kwamba kile kitu ni cha Swabaha na amemgawia.

Mwisho walifika kwenye ile nyumba ya kulia chakula. Mbele yake palibaki kizingiti na miimo miwili ya mawe, hakuna ubao, hakuna bawaba. Swabaha alisimama pale, akasema "Hodi," ndipo akavuka.

Alikuwa amezoea kuchekwa. Marehemu bibi yake ndiye aliyemfundisha kwamba nyumba ya mtu haiingiwi bila hodi, hata kama mwenyewe ameondoka na paa limemfuata. Wageni wengi walicheka, wengine walipiga picha, wachache walirudia neno kwa mzaha. Kheri alivua kofia. Akasimama mbele ya miimo, akasema "Hodi," kwa sauti ya mtu anayetegemea kujibiwa. Akasubiri.

"Nani huwa anaitikia?" aliuliza.

"Hakuna."

"Basi wote mnaingia bila kukaribishwa."

Miaka yote hiyo Swabaha hakuwahi kuliwaza hilo. Alijiona amesimama ndani, mgeni amesimama nje, na katikati yao hakuna hata mlango.

"Karibu," alisema.

"Ahsante," Kheri alisema, akaingia kwa mguu wa kulia.

Jioni hiyo alikula wali wa nazi, pweza, na samaki wa kupaka, akafuta sahani kwa kipande cha mkate wa kumimina. Hakusema sana. Alipomaliza aliuliza jina la kila aliyepika, akamwita Umi kutoka jikoni amshukuru kwa jina lake. Umi alirudi jikoni, akamwambia Swabaha kwamba kama yeye hamtaki, amwambie mapema, kwani yeye Umi ana mdogo wake wa kuozwa.

Baada ya hapo zikaja simu. Kheri alipiga asubuhi, alipiga mchana, na alipiga hata akiwa kazini, jambo ambalo Swabaha alimkataza na alipoacha akalalamika kwamba hapigi.

"Mwenye mji, umeamkaje?"

"Salama, Bwana Mnara. Uko wapi?"

"Juu. Naiona ghuba yote. Nakuona unaanika nguo."

"Muongo. Niko ndani nasukwa."

"Basi naliona paa lako. Paa likiwa limetulia najua mwenyewe mzima."

Aliporudi tena Chole alikuja na kilemba cha nanasi kutoka sokoni, akakipanda nyuma ya jiko kwa mikono yake. Aliporudi mara nyingine Swabaha alimweleza habari ya Taufiki, kwa sababu aliona asipoieleza yeye, kisiwa kitaieleza.

Taufiki alikuwa mchumba wake. Siku ya nikaha pilau lilipikwa, majirani walijaa, na sahani ya bwana harusi iliwekwa pembeni, imefunikwa kawa jipya la ukindu lililosukwa kwa ajili yake. Bwana harusi hakutokea. Ulikuja ujumbe wa simu kwamba ameoa Mtwara, asisubiriwe. Wageni walikula kwa haya wakaondoka, na ile sahani ikakaa imefunikwa mpaka asubuhi, hakuna aliyethubutu kugusa lile kawa. Tangu hapo Swabaha hafuniki sahani. Wageni wake hudhani ni mtindo wa mgahawa.

"Sikuogopa kuachwa," alimwambia Kheri. "Watu wanaachwa. Nilichoshindwa ni kile chakula. Kumpikia mtu kwa mapenzi, halafu ukae unakitazama."

Kheri akasema, "Ahsante kwa kuniambia," na hakuongeza neno. Swabaha alimpenda kwa maneno aliyoyasema, na akampenda zaidi kwa yale aliyoyaacha.

Baba yake na mama yake Swabaha walikwishafariki. Walii wake alikuwa ami yake, Othmani, mdogo wa baba yake, mtu wa Bwejuu, mkimya, anayeheshimu ahadi kuliko mali. Baada ya mambo ya Taufiki, Ami Othmani hakumlaumu Swabaha hata mara moja, lakini alisema hatampokea tena mtu wa kumwoza kabla hajala naye sahani moja. Mwezi ule alikuwa anakuja Chole kumsomea hitima marehemu kaka yake. Angelala usiku mmoja tu, kwa kuwa yeye ndiye mwadhini wa msikiti wa kwao, na mchana wa Ijumaa lazima awe amerudi.

Swabaha akampigia Kheri.

"Njoo usiku wa Ijumaa," alimwambia. "Ami yangu atakuwepo. Tukimaliza hitima tunakula kwenye nyumba ya hodi. Nataka akuone unavyokula."

"Usiku wa Ijumaa. Nikikosa, ujue sipo duniani."

"Usiseme hivyo. Sema inshaallah."

"Inshaallah, laazizi."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita laazizi. Neno hilo lilimzunguka Swabaha kichwani siku nzima, na ndilo lililomfanya asirudie kutaja siku wala saa. Angerudia kwa lipi? Mambo yalikuwa wazi. Kila mtu Chole anajua usiku wa Ijumaa ni upi.

Basi Alhamisi, baada ya alasiri, hitima ilisomwa. Jua likazama, Ijumaa ikaingia, na watu wakaenda Mjini. Swabaha alivaa gauni la rangi ya zambarau ambalo Umi alilishona upya kiunoni, akajifukiza udi, akajipaka wanja. Alipika kila kitu mwenyewe. Umi aliruhusiwa kukuna nazi tu. Na alipopakua sahani ya Kheri alifanya jambo ambalo hata Umi alisimama kulitazama. Alivuta kawa kutoka uvunguni mwa meza, akapangusa vumbi, akafunika.

"Leo naweza," alisema.

Ami Othmani alikaa kichwani mwa meza, kanzu imenyooka, bakora kaiegemeza ukutani. Walisubiri. Upande wa gatini boti ilikuja, ikashusha watu wengine. Ikaja nyingine. Swabaha aliingia jikoni akapiga simu, ikamjibu sauti ya yule dada asiyechoka kwamba namba unayopiga haipatikani. Fundi wa minara, na simu yake haipatikani. Hakupiga mara ya pili. Kumkimbilia mwanamume kwa simu mbele ya walii wake hakukuwa katika malezi yake, na tena Taufiki naye siku ile alipigiwa mpaka vidole vikauma.

Mwishowe Ami Othmani alisema chakula hakina kosa, kipakuliwe kiliwe. Wakala. Sahani moja ilibaki imefunikwa. Aliponawa mikono alimwita Swabaha karibu.

"Mwanangu, hii ni mara ya pili kula harusi isiyo na mtu," alisema taratibu. "Mimi nakupenda. Sitaki kuitwa tena kwa jina la huyo."

Swabaha aliitikia kwa kichwa. Alizima simu yake pale pale, akamwambia Umi ile sahani awape paka.

Asubuhi Ami Othmani aliondoka kurudi Bwejuu. Swabaha naye hakuweza kukaa Chole, ambako kila jirani angemuuliza mgeni vipi. Alivuka mpaka Utende, akachukua bodaboda mpaka Kiegeani, kwa shangazi yake Zuena, dada yake Ami Othmani. Shangazi Zuena alimpa mhogo wa kumenya na hakumuuliza kitu. Wakapika, wakala, wakalala mchana, wakaamka. Swabaha alilia kidogo kwenye mkeka akageukia ukutani, na shangazi akajifanya anatafuta sindano.

Jua lilikuwa linakaribia kuzama alipokumbuka kwamba jioni ile Umi ana wageni peke yake. Akawasha simu kumuuliza kama anamudu. Kabla hajabonyeza kitu, Umi akapiga.

"Mtu wako yuko hapa," Umi alisema.

"Mtu gani?"

"Wa mnara. Kavaa kanzu nyeupe na kofia ya kiua, kabeba halua na tende na kitambaa cha ami. Kasimama mlangoni anapiga hodi. Mimi sijui nimkaribishe au nimfukuze."

Hasira zilimpanda Swabaha mpaka masikio yakawa ya moto. "Mwambie chakula kililiwa jana."

"Nimemwambia. Anasema jana ilikuwa Alhamisi."

"Na iwe Alhamisi, sasa ndiyo nini?"

Shangazi Zuena, ambaye alikuwa akisikiliza bila hata kujificha, aliweka chini kisu. "Ulimwambia aje lini?"

"Usiku wa Ijumaa."

"Na kwao wapi?"

"Turiani."

Shangazi alianza kucheka. Alicheka kwa kujizuia, mabega yakimtikisika, mpaka Swabaha akataka kukasirika na yeye. Alipopata pumzi alieleza kwamba alipoolewa Kilosa, bara hukohuko, jirani alimwalika harusi usiku wa Jumapili. Akajipamba Jumamosi, akaenda na zawadi kichwani, akakuta wanafagia uwanja. Walimcheka hadi alipozaa mtoto wa pili.

"Sisi usiku unatangulia na mchana unafuata," Shangazi alisema. "Kwao mchana ndio unatangulia. Huyo mwanamume hakukosa, mwanangu. Amekuja. Amekuja siku aliyoitwa."

Swabaha alibaki ameshika simu. Maskini Umi upande wa pili alikuwa akiita halo, halo. Kilichomjia kwanza hakikuwa furaha. Yalimjia yale aliyoyasema juu ya Kheri moyoni usiku kucha, moja moja, na akaona haya kama ameyasema hadharani.

Akampigia. Kheri alipokea mara moja.

"Swabaha," alisema. Hakumwita mwenye mji.

"Kheri, nisikilize."

"Nisikilize mimi kwanza. Umi ananiambia nimechelewa siku nzima. Nimekaa hapa nimewaza. Kama hunitaki ungesema tu, ningekushukuru na kwa hilo. Lakini kuniita siku ambayo watu wameshakula wakaondoka, nisimame na mizigo mbele ya kijiji? Wewe uliyenisimulia yale?"

Lilimchoma, kwa sababu lilikuwa ndilo neno lilelile aliloliwaza yeye juu yake.

"Kheri, kwenu usiku wa Ijumaa ni lini?"

"Ni leo. Leo si Ijumaa?"

"Kwetu ulikuwa jana. Alhamisi jua likizama, inakuwa Ijumaa. Mimi sikujua kama kuna watu wanahesabu vingine."

Swabaha alisikia popo wakipita upande ule wa simu, wanatoka kwenda kutafuta matunda.

"Jana nilikuwa kaskazini, mnara ulikuwa umekufa," Kheri alisema polepole. "Kwa hiyo mlinisubiri."

"Tulikusubiri."

"Ami naye?"

"Naye. Ameshaondoka."

Alipouliza swali lililofuata sauti yake ilikuwa imebadilika kabisa. "Swabaha, na sahani yangu? Uliifunika?"

Hapo ndipo Swabaha aliposhindwa. Kheri angeweza kuuliza juu ya heshima yake, juu ya safari yake ya bure. Aliuliza sahani.

"Niliifunika," alisema, na machozi yakamtoka mbele ya shangazi yake bila haya.

"Yaa Rabi. Nimekufanyia yaleyale."

"Hukufanya kitu. Usiondoke hapo."

"Nahodha anaita. Ndiyo boti ya mwisho."

"Mwache aite."

Bodaboda ziliitwa mbili, kwa kuwa Shangazi Zuena alikuwa ameshavaa baibui na kuvuta ushungi. Alisema binti haendi peke yake wakati kama huo. Hakusema kwamba hataki kusimuliwa, anataka kujionea, lakini ilijulikana. Walipofika Utende boti ya kutoka Chole ilikuwa ndiyo inashusha. Swabaha aliwatazama abiria mmoja mmoja, mama mwenye ndoo, wanafunzi, mzee na redio yake. Hakukuwa na kanzu nyeupe hata moja. Alisema alhamdulillahi kwa sauti, na nahodha, ambaye kwao ni Chole na alikuwa anarudi kulala, akadhani anashukuru kuikuta boti.

Mjini wageni wa Umi walikuwa wameshakula na kwenda. Kandili zilikuwa bado zinawaka kwenye vidaka. Kheri alikaa peke yake kwenye meza, kanzu imeanza kukunjamana, na mbele yake kulikuwa na sahani iliyofunikwa kawa. Shangazi Zuena alibaki nyuma kidogo, akajishughulisha na kiatu chake.

Swabaha alisimama baina ya miimo ya mawe.

"Hodi," alisema.

Kheri aliinuka. "Karibu," alisema. "Karibu, mwenye mji."

Akaingia. Hawakushikana mikono, shangazi alikuwepo, lakini walitazamana mpaka Umi aliyekuwa kwenye mlango wa jikoni akaona afadhali aangalie taa. Umi ndiye aliyetangulia kusema. Alisema ile sahani hakuwapa paka, paka wa Chole hawana adabu na hawakustahili samaki yule. Aliitia kwenye jokofu, na alipomwona mtu kakataa boti akaipasha moto.

"Mbona hujaifunua?" Swabaha aliuliza.

"Nilikungoja. Nilitaka uwepo."

"Ni chakula cha jana."

"Kilipikwa kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yako."

"Basi ni changu," Kheri alisema. Akanawa, akakaa, akasema bismillahi, na kwa mkono wake wa kulia akalinyanyua lile kawa.

Wali ulikuwa umekauka kingo. Samaki alikuwa wa moto nje na wa baridi ndani, kwa kuwa Umi alikuwa na haraka. Kheri alikula kama alivyokula siku ya kwanza, tonge baada ya tonge, na Swabaha alikaa mbele yake akimtazama, akashukuru. Alimshukuru Mungu kwa Umi asiyesikia anachoagizwa, kwa shangazi aliyechekwa na Kilosa nzima, kwa boti iliyolala bara siku ile ikabakisha fungu moja la giligilani. Miaka mingi alikuwa amelichukia kawa. Sasa lilikuwa limelala chali mezani kama kikapu chochote.

Shangazi Zuena ndiye aliyempigia kaka yake Bwejuu. Alimweleza yote, na Kilosa yake akaitia ndani. Ami Othmani akasema apewe huyo kijana. Shangazi akaiweka simu mezani, sauti ya juu, wote wasikie.

"Shikamoo, ami," Kheri alisema. "Nakuomba radhi. Ulinisubiri."

"Marahaba. Unakula?"

"Nakula, ami."

"Chakula cha jana."

"Ndiyo, ami. Sijapata kula kitu kitamu kama hiki."

Ami Othmani alikohoa. Swabaha alijua kikohozi kile, ndicho alichokitoa kila alipokuwa akikata shauri.

"Mimi nilisema sitaitwa tena," Ami Othmani alisema. "Kwa hiyo wewe ndiye utakuja kwangu. Lete mzee mmoja wa kukusemea. Nitakuwa nyumbani usiku wa Jumatatu."

Umi alifungua mdomo, na Shangazi akamfinya. Kheri alimtazama Swabaha. Swabaha aligeuza uso akatazama kandili, hakumsaidia hata kwa ukope. Alimsikia akivuta pumzi.

"Nitafika Jumapili, ami," Kheri alisema. "Jua likizama."

Nje popo wa mwisho mwisho walikuwa wakiruka juu ya kuta.

"Swabaha," Ami Othmani aliita.

"Labeka, ami."

"Mwongeze mchuzi huyo."

Swabaha alimwongeza. Kheri alipofumbua kinywa kushukuru, alikuta ameshawahiwa.

"Ahsante," Swabaha alisema, huku upawa bado uko mkononi mwake.